Choo cha damu kinachorudi: si kila mara ni amiba

Mtu akisema jijini Mwanza kwamba anaharisha na kuna damu, majibu humfikia kabla hajafika maabara. Jirani wa Igogo atasema ni amiba. Shangazi aliyekulia Ukerewe atasema ni kichocho, maana amekiona tangu utotoni. Muuzaji wa duka la dawa atatoa Flagyl, vidonge vya amiba, za siku tano. Mwingine atanong'ona kwamba ni bawasiri, na mwingine atakataza maharage na pilipili kwa sababu "hivyo ni vidonda vya tumbo". Mara nyingi mmoja wao huwa amepatia, na ndiyo maana ushauri wa namna hii haukomi.

Anayeumia ni yule ambaye hakuna aliyempatia. Amemaliza dozi ya tatu, damu imekoma wiki mbili, kisha imerudi. Suruali zinamlegea. Usiku anaamka kukimbilia chooni. Siku akipata kipimo cha kamera anarudi nyumbani na karatasi yenye jina ambalo familia nzima haijawahi kulisikia: kolaitisi ya vidonda, au ugonjwa wa Crohn. Hapo maswali yanaanza upya. Unaambukiza? Unapona? Ni saratani? Mbona majirani wengine waliharisha damu wakapona kwa vidonge vya elfu chache?

Tuanze na utumbo wenyewe. Chakula kikitoka tumboni huingia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, na humo ndimo mwili huchukua lishe yake. Mabaki huenda utumbo mpana, wenye karibu mita 1.5, ambako maji hunyonywa na choo hupata umbo. Sehemu ya mwisho kabisa ni puru, inayohifadhi choo hadi mtu aende haja. Magonjwa haya mawili ni mchochota wa muda mrefu kwenye njia hiyo. Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kuvimba, kupata joto na kuuma. Ukichomwa na mwiba wa sato kidoleni unauona waziwazi. Ukiwa ndani ya utumbo huuoni, ila unaona matokeo yake chooni.

Mchochota wa kawaida ni kazi nzuri ya kinga ya mwili, na una mwisho. Wanaowajua sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini Usukumani, watanielewa haraka. Wizi ukitokea, filimbi inalia, watu wanatoka na marungu na mishale, mwizi anakamatwa, na kila mmoja anarudi kulala. Katika ugonjwa huu filimbi inalia na haikomi. Mwizi ameshaondoka, au hakuwepo tangu mwanzo, lakini sungusungu wanaendelea kuzunguka usiku na mchana, na sasa wanavunja milango ya wenyeji. Wenyeji hao ni ukuta wa utumbo na bakteria wasio na madhara ambao siku zote huishi humo. Ukuta unachubuka, unatoa ute na damu, na haupati nafasi ya kupona.

Kinachofanya filimbi isikome hakijulikani kuwa kitu kimoja. Kuna urithi, kwani mwenye ndugu wa damu mgonjwa ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wengine, ingawa wengi wenye ndugu wa aina hiyo hawaugui kamwe. Kuna mabadiliko ya bakteria wa utumboni, na kuna mazingira na namna ya kuishi. Sigara inajulikana kuufanya ugonjwa wa Crohn uwe mkali zaidi. Wagonjwa wengi huanza kuugua wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, umri ambao mtu anasoma, anatafuta kazi au anaanza familia.

Kolaitisi ya vidonda huanzia puru na kupanda juu ndani ya utumbo mpana bila kuruka sehemu, na hukaa kwenye utando wa ndani tu. Ndiyo maana dalili zake ni za chini: damu iliyochanganyika na ute, haja inayobana ghafla, na ile hali ya kuhisi choo kimejaa lakini ukienda hakitoki kitu. Crohn unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa hupenda pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, upande wa chini kulia wa tumbo. Huu huruka, ukiacha vipande vizima katikati ya vibovu, na hula unene wote wa ukuta. Kwa hiyo unaweza kuubana utumbo hadi chakula kipite kwa shida, au kutoboa njia isiyo ya kawaida kati ya utumbo na kiungo kingine au ngozi ya karibu na njia ya haja. Mgonjwa wa Crohn anaweza asione damu kabisa, akawa na maumivu, kuharisha, homa za mara kwa mara na kukonda tu. Mtoto anaweza kusimama kukua kabla hajalalamika tumbo.

Magonjwa haya si ya juzi. Samuel Wilks wa London alieleza kolaitisi ya vidonda mwaka 1859, na mwaka 1932 Burrill Crohn pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa New York waliandika kuhusu ule uliokuja kubeba jina lake. Kwa miaka mingi yalisemwa kuwa magonjwa ya Wazungu. Sasa yanatambuliwa zaidi na zaidi katika miji ya Afrika, kwa sababu maisha yanabadilika, na pia kwa sababu kamera zimeongezeka.

Kando ya ziwa, kwanza mtafute mwizi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Kanda ya Ziwa akae nami kidogo, kwa sababu maelezo mengi yanayosambazwa kwenye simu yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi ambazo kichocho hakipo. Dawa nyingi za magonjwa haya hazimtafuti mwizi. Kazi yake ni kuwatuliza sungusungu. Ukiwatuliza wakati mwizi kweli yumo ndani, umemfungulia mlango.

Na kwetu wezi ni wengi. Kichocho cha matumbo ndicho cha kwanza. Vimelea wake hukua ndani ya konokono wa kwenye kina kifupi na hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini: mtoto anayeoga ufukweni, mama anayefua, mvuvi anayesukuma mtumbwi. Minyoo waliokomaa huishi kwenye mishipa ya damu ya tumbo na kutaga mayai. Mayai yanatakiwa kutoka na choo, lakini mengi hukwama kwenye ukuta wa utumbo, na mwili huyazungushia mchochota. Matokeo yake ni choo cha damu kinachokuja na kuondoka kwa miezi, na baadaye ini na bandama kuathirika hadi mtu kutapika damu. Ukisoma dalili za mwanzo bila kujua mgonjwa anatoka wapi, ungeweza kudhani ni kolaitisi. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile ambayo watoto hupewa shuleni kwa kupimwa urefu.

Amiba ndiye mwizi wa pili. Huyu naye hutoboa vidonda kwenye utumbo mpana, na hapa kosa lina gharama kubwa: mgonjwa wa amiba akipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza mchochota, kwa kudhaniwa ana kolaitisi, utumbo unaweza kutoboka. Kuna bakteria wa kuhara damu, ambao kwa kawaida huja kwa kishindo na kuisha ndani ya siku chache. Kisha kuna kifua kikuu cha utumbo, kinachofanana na Crohn kiasi kwamba hata kwa kamera daktari anaweza asitofautishe. Hupenda kona ileile ya chini kulia, hukondesha na kuleta homa vilevile. Wakati mwingine daktari huamua kuanza dawa za TB kwanza na kuangalia mgonjwa anavyoitikia. Huo si ubahatishaji, na mgonjwa asichukizwe nao. Kuna pia mnyoo aitwaye strongiloidi, anayeweza kuishi kimya mwilini miaka mingi na kusambaa mwili mzima kinga ikishushwa na dawa.

Kwa hiyo ukiona daktari anaagiza choo kipimwe kwa darubini, anapima VVU, anauliza kuhusu kikohozi na mahali ulipokuwa ukiogelea utotoni, usidhani anapoteza muda. Anahesabu wezi. Ila kuna mtego wa upande wa pili. Kupatikana na kichocho hakumaanishi huna kitu kingine. Mtu aliyekulia visiwa vya Kome au Ukara anaweza kuwa na mayai ya kichocho na kolaitisi kwa pamoja. Kinachosema ukweli ni kinachotokea baada ya matibabu. Umetibiwa sawasawa, choo kimepimwa tena ni safi, na bado unaharisha au kutoka damu kwa zaidi ya wiki 4? Dozi nyingine ileile haitakusaidia. Omba rufaa.

Njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, kisha hospitali ya rufaa ya Bugando, ambako wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa hupelekwa kwa mabingwa. Kipimo kinachoamua ni kolonoskopi: mrija laini wenye kamera hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa baada ya utumbo kusafishwa kwa dawa ya kuharisha, na vinyama vidogo huchukuliwa kwenda kuangaliwa maabara. Wanaume wengi hukataa kwa aibu. Nimesikia watu wazima wakisema heri wafe. Kipimo hufanyika kwa faragha, mara nyingi kwa dawa ya usingizi mwepesi, na hakimwondolei mtu heshima yake.

Yanayochanganywa nayo

Vidonda vya tumbo ni habari nyingine kabisa. Hivyo hukaa kwenye tumbo lenyewe au mwanzo wa utumbo mwembamba, na mara nyingi husababishwa na bakteria wa helikobakta au dawa za maumivu. Bakteria hao ni wa kawaida sana kwetu, kwa hiyo mtu mwenye kuharisha damu anaweza kupimwa, akakutwa nao, akatibiwa, na ugonjwa halisi ukaendelea chini. Kipimo hakikudanganya. Kilijibu swali jingine.

Bawasiri hutoa damu nyekundu inayodondoka au kupaka karatasi baada ya choo, na choo chenyewe ni cha kawaida au kigumu. Haiamshi mtu usiku na haimkondeshi. Na kuna tumbo linalosokota na kujaa gesi kwa miaka, hasa wakati wa msongo wa mawazo, bila damu wala kupungua uzito. Hilo linasumbua kweli, lakini halichubui utumbo. Mtu mwenye umri mkubwa anayeanza kutoka damu, au anayebadilika namna ya choo chake, achunguzwe mapema kwa sababu ya saratani.

Tuhuma za watu nazo zina uzito wake. Kanda hii ina kumbukumbu chungu: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kukonda huku unaharisha kukawa hukumu. Kijana mwenye Crohn anajua anavyotazamwa kwenye daladala. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa ngono, kwa kula sahani moja wala kwa kutumia choo kimoja. Wala haukuletwa na jirani mwenye husuda, hata kama ulianza wiki mliyogombana kuhusu mpaka wa shamba.

Kwa nini kila mizizi huonekana imeponya

Ugonjwa huu hulala na kuamka. Unaweza kumsumbua mtu miezi mitatu, kisha ukatulia wenyewe bila kitu chochote, hata kwa muda mrefu. Chochote alichokuwa anatumia wiki hiyo ndicho kitakachopewa sifa: unga wa mlonge, maji ya mwarobaini, maombi, au Flagyl ya nne. Yeye hasemi uongo anapotoa ushuhuda. Ameona kwa macho yake. Lakini ugonjwa ukiamka tena, ushuhuda haurudiwi, na aliyenunua unga kwa kuusikia anaachwa peke yake.

Kulala huko ndiko kunakowadanganya hata wanaotumia dawa za hospitali. Choo kikiwa kizuri miezi miwili mtu anaona amepona, anaacha vidonge, anahifadhi hela. Nawaelewa, kwani vidonge vya kila siku ni gharama na safari. Lakini dawa unayomeza siku ambayo huna dalili ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Ndiyo inayoulaza.

Matibabu kwa jumla yana hatua mbili. Ya kwanza ni kuzima moto uliopo. Prednisoloni hufanya hivyo upesi, na ni rahisi kupatikana, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ikitumika miezi na miezi huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa. Wala usiiache ghafla baada ya wiki kadhaa, kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo, nawe unaweza kuzidiwa. Daktari huipunguza kidogokidogo.

Hatua ya pili ni kuulaza. Kwa kolaitisi dawa za msingi ni mesalazini na ile ya zamani, salfasalazini, iliyobuniwa na daktari Nanna Svartz wa Uswidi, na ambayo kwa kawaida ni nafuu zaidi. Aliyewahi kupata vipele vikali kwa dawa za salfa kama SP au Septrin aseme kabla ya kupewa salfasalazini. Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa usiogope. Mwanaume anayetafuta mtoto ajue kwamba inaweza kupunguza mbegu zake kwa muda, na kwamba hurudi akibadilishiwa dawa. Kama ugonjwa umeishia puru, dawa ya kuingiza njia ya haja hufanya kazi vizuri kuliko vidonge, kwa sababu inatua pale penye jeraha. Hii nayo hukataliwa kwa aibu, na ni hasara.

Wenye ugonjwa mkali zaidi, hasa Crohn, huhitaji dawa za kupunguza kinga kama azathioprini, inayoweza kuchukua miezi mitatu kuonyesha nguvu yake na inayodai damu ipimwe mara kwa mara. Zipo pia sindano na dripu kama infliksimabu. Hizi ni ghali, na zinaweza kuamsha TB iliyolala, hivyo hakuna anayepaswa kuzianza bila kupimwa TB. Upasuaji wa kuondoa utumbo mpana wote hukomesha kolaitisi ya utumbo huo, na wengine huishi na mfuko wa choo tumboni, wakifanya kazi na kuzaa. Kwa Crohn upasuaji huondoa sehemu iliyoharibika tu, na ugonjwa unaweza kuibuka kwingine.

Dawa za kuepuka bila ushauri ni za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, zinazouzwa kila kona. Zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi.

Chakula, mtumbwi na safari

Hakuna chakula kilichosababisha ugonjwa huu, na hakuna kinachouponya. Nasema hivi kwa sababu naona wagonjwa waliokatazwa samaki, maharage, maziwa, nyama na mboga kwa pamoja, wakabaki na uji mtupu, kisha watu wakashangaa kwamba wanakonda. Ugonjwa ukiwa umelala, kula kama wengine. Ukiwa umeamka, punguza vyenye nyuzi nyingi, pilipili na mafuta, na tegemea wali laini, ndizi za kupika, viazi vya kuponda, mayai na sato wa kuchemsha. Maziwa yakikuletea gesi na kuharisha yaache, yasipokuletea yanywe. Mwenye Crohn uliobana utumbo ana sharti jingine: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mahindi ya kuchoma, maganda na mboga zenye nyuzi ngumu vinaweza kuziba njia, kwa hiyo apike hadi vilainike au aviache. Kupungukiwa damu ni kawaida, na vidonge vya madini ya chuma huandikwa baada ya kupima.

Mvuvi wa dagaa anayelala ziwani na taa hana choo kwenye mtumbwi. Mama wa soko la Mwaloni hawezi kuacha meza mara nane. Haya ndiyo mambo ambayo mgonjwa huyaogopa kuliko maumivu, na hayaulizwi hospitalini. Yaseme. Daktari akijua unakaa kambini kisiwani wiki tatu, anaweza kukuandikia dawa za kutosha muda huo na ratiba rahisi zaidi. Tajiri au wenzako wa chombo wakijua una ugonjwa wa utumbo usioambukiza, kupangiwa kazi za nchi kavu wiki mbaya huwa rahisi kuliko kujieleza katikati ya maji.

Ugonjwa unaweza pia kujitokeza nje ya utumbo: magoti na vifundo kuuma, vinundu vyekundu kwenye miguu, jicho jekundu linalouma kwenye mwanga. Jicho la namna hiyo lisingoje kliniki ya mwezi ujao.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku pamoja na homa au moyo kwenda mbio, tumbo likivimba na kuwa gumu, au ukitapika huku huwezi kutoa hata upepo. Wakati huo usimeze dawa za kufunga kuharisha, kwani zinaweza kuufanya utumbo mpana uliovimba upanuke kwa hatari.

Mwanamke mwenye ugonjwa huu anaweza kuzaa. Muda mzuri wa kubeba mimba ni ugonjwa ukiwa umelala, na nyingi ya dawa za kuulaza zinaendelea kutumika wakati wa ujauzito. Methotreksati, dawa nyingine ya kupunguza kinga, ni marufuku, kwa hiyo mpango wa kupata mtoto uzungumzwe kabla. Akiacha dawa zote kwa hofu ya mtoto, kuamka kwa ugonjwa ndiko kunakomhatarisha mtoto zaidi.

Na aliyeishi na kolaitisi ya sehemu kubwa ya utumbo kwa karibu miaka 8 arudi kwenye kamera hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu mchochota wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kabla ya saratani yenyewe huwa na mabadiliko ambayo kamera huweza kuyaona mapema, yakiwa bado yanaweza kuondolewa. Mwambie daktari mwaka dalili zako zilipoanza. Ndio unaohesabiwa, si mwaka uliopata karatasi yenye jina la ugonjwa.